Utakaso kwa Walutheri, Wakatoliki, Wamethodisti, Wapentekoste na Wasabato: namna ya kuchagua njia ukiwa Dar

Mkristo wa Dar es Salaam hapungukiwi na mafundisho ya utakaso. Jumapili yuko usharikani kwake Kijitonyama, Jumatano jirani amemwalika kwenye maombi ya jioni, Ijumaa kuna mkesha, Jumamosi anakuta duka la Msabato limefungwa na mwenyewe yuko kanisani. Kote huko anaambiwa awe mtakatifu, ila hatua anazopewa hazifanani. Matokeo yake wengi huokota kidogo hapa na kidogo pale: mfungo wa Kipentekoste, faraja ya Kilutheri, woga wa dhambi ya mauti walioupata utotoni kwenye mafundisho ya komunyo. Miaka inapita, na hakuna njia hata moja waliyoifuata mpaka ikazaa matunda.

Hapa tunaziweka njia tano bega kwa bega. Hatuzipimi kwa uzuri wa kwaya wala kwa wingi wa watu, bali kwa swali linalomgusa kila mtu: ukianguka leo, fundisho hili linakutaka ufanye nini kesho asubuhi? Fundisho la utakaso lisilojibu swali hilo litakufaa siku za sikukuu tu.

Wanachokishika wote

Anayetakasa ni Mungu. Hapo hakuna ubishi. Paulo aliwaandikia Wakorintho, ambao baadhi yao walitoka kwenye wizi, ulevi na uasherati, akawaambia "mlioshwa, lakini mlitakaswa, lakini mlihesabiwa haki" (1 Wakorintho 6:11). Waraka kwa Waebrania nao unahimiza "huo utakatifu, ambao hapana mtu atakayemwona Bwana asipokuwa nao" (12:14). Makanisa yote haya yanazisoma aya zote mbili. Hakuna hata moja linalofundisha rasmi kwamba mtu hujipatia wokovu kwa jasho lake, wala linalofundisha kwamba aliyeokolewa aishi apendavyo. Ukisikia lolote kati ya hayo mimbarani, umemsikia mhubiri huyo, hujalisikia fundisho la kanisa lake.

Utakaso unaanza lini, na unafika wapi

Walutheri wanaanzia kwenye ubatizo na hawaondoki hapo. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, ile ambayo vijana wa kipaimara katika KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) hufundishwa, Luther anaeleza kwamba ni Roho Mtakatifu anayemwita mtu kwa Injili, anayemwangaza, anayemtakasa na kumhifadhi katika imani. Anasema pia kwamba ubatizo wa maji maana yake ni mtu wa kale kuzamishwa kila siku kwa majuto na toba, na mtu mpya kufufuka kila siku. Mwamini ana haki kamili kwa ajili ya Kristo, na papo hapo angali mwenye dhambi, mpaka kaburini. Hukua, lakini hapimi wokovu wake kwa kukua huko.

Wakatoliki hawakubali kutenganisha haki hiyo na kukua huko. Mtaguso wa Trento, katika hati yake ya mwaka 1547, ulisema kuhesabiwa haki si kusamehewa dhambi tu, ni kutakaswa na kufanywa upya kwa mtu wa ndani. Neema ya utakaso humiminwa katika ubatizo, huongezeka kwa sakramenti, sala na matendo mema, hupotea kwa dhambi ya mauti, na hurudishwa kwa kitubio, yaani sakramenti ya maungamo. Dhambi ndogo hudhoofisha upendo bila kuuua. Mtu akifa katika neema huku kuna mabaki ya kusafishwa, usafi huo unakamilishwa toharani. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaweka wazi kwamba wito wa utakatifu ni wa waamini wote. Mama anayeuza vitumbua Buguruni ameitwa sawasawa na mtawa aliye konventini.

Kwa hiyo Mlutheri hutenganisha ili dhamiri iliyojeruhiwa ipate pa kusimama, na Mkatoliki huunganisha ili imani isibaki maneno matupu. Kila upande unalinda kitu cha kweli. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo KKKT ni mwanachama wake, walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Wamethodisti wakajiunga nalo mwaka 2006. Wachumba ambao mmoja husali Azania Front na mwenzake St. Joseph, makanisa mawili yanayoitazama bandari na yenye mwendo wa dakika chache kati yake, walijue tamko hilo kabla hawajaanza kuhukumiana.

Wamethodisti ni wachache Dar ukilinganisha na hao wawili, lakini fundisho la John Wesley (1703–1791) ndilo babu wa sehemu kubwa ya ulokole, na usipolielewa hutaelewa mkesha wa Ijumaa. Wesley alifundisha kwamba aliyezaliwa mara ya pili anakua katika neema, na kwamba Mungu anaweza, katika maisha haya haya, kuujaza moyo wake upendo kiasi kwamba hatendi tena dhambi kwa kukusudia. Aliuita ukamilifu wa Kikristo, akaegemea 1 Wathesalonike 5:23: "Mungu wa amani mwenyewe awatakase kabisa." Mipaka yake aliiweka wazi. Dhambi aliyoizungumzia ni kuivunja kwa hiari sheria unayoijua. Kutojua, kukosea, udhaifu wa mwili na majaribu hubaki. Mwenyewe hakudai kwamba amefika. Utausikia mkazo huu kwa Wamethodisti, katika Kanisa la Nazarene, na kwa Jeshi la Wokovu.

Wapentekoste wamegawanyika, na waumini wengi hawajui kwamba wamegawanyika. Uamsho wa mtaa wa Azusa, Los Angeles, ulioanza mwaka 1906 chini ya William Seymour, ulihesabu hatua tatu: kuokoka, kutakaswa, kisha kubatizwa kwa Roho Mtakatifu. Karibu mwaka 1910 William Durham wa Chicago akafundisha kwamba kazi ilikamilika msalabani; utakaso unaanza siku mtu anapookoka na unaendelea, na ubatizo wa Roho ni nguvu ya kushuhudia. Assemblies of God, iliyoundwa mwaka 1914, ilifuata mkondo wa Durham, na TAG (Tanzania Assemblies of God) ya hapa nchini ni ya ukoo huo. Tofauti hii inauma kwa vitendo. Panapohesabiwa hatua tatu, asiyenena kwa lugha hutazamwa kana kwamba moyo wake bado una uchafu uliomzuia Roho. Panapohesabiwa mbili, kunena na usafi wa moyo ni mambo mawili tofauti. Ukihamia kanisa jipya, uliza mapema wanahesabu ngapi.

Tusiusahau Uamsho wa Afrika Mashariki. Ulianzia Rwanda na Uganda kwenye miaka ya 1930 na kuingia Tanganyika kupitia upande wa Bukoba, ukatembea ndani ya Anglikana na Kilutheri bila kuunda dhehebu. Alama yake ni kutembea nuruni (1 Yohana 1:7): ndugu wanaungama wao kwa wao, bila kufichana. Ndiyo sababu sharika mbili za kanisa moja hapa Dar zinaweza kuhubiri utakaso kwa sauti mbili, moja ikiwa na ndugu wa Uamsho na nyingine haina.

Wasabato walifika Upare mwaka 1903. Kwao utakaso ni kazi ya maisha yote, na Amri Kumi zote, Sabato ikiwamo, ndiyo picha ya maisha hayo. Rasmi wanafundisha kwamba utii ni tunda la wokovu. Wanaupa mwili uzito kuliko makanisa mengine yote tuliyoyataja, kwa kuwa ni hekalu la Roho Mtakatifu, na ndiyo maana chakula na vinywaji vimo ndani ya fundisho lenyewe.

Mizani ya sukari

Tuchukue kosa moja tulipitishe kote. Muuza duka wa Tandika ana mizani iliyochezewa. Kila "kilo" ya sukari anayopima ni gramu 950. Mfuko wa kilo 50 anauuza kama kilo 52 na nusu na kidogo, maana yake katika kila mfuko wateja wamelipia zaidi ya kilo mbili na nusu ambazo hawakupewa. Hakuna aliyeona. Jumapili moja dhamiri inamchoma, na ina haki ya kumchoma: Mambo ya Walawi sura ya 19, inayoanza na agizo la kuwa watakatifu kwa kuwa Bwana ni mtakatifu, inamalizia kwa mizani za haki na vipimo vya haki. Katika sura hiyo hiyo kuna agizo la kutolaza mshahara wa kibarua hadi asubuhi, jambo ambalo nyumba nyingi za mjini zenye dada wa kazi zingepaswa kulisoma taratibu.

Mlutheri anaambiwa asisubiri Jumapili nyingine. Ataje dhambi kwa jina lake, "nimeiba kwa mizani", wala asiseme tu "nisamehe makosa yangu". Akumbuke kwamba amebatizwa, apokee msamaha kama jambo lililokwisha, asimame. Kama moyo hautulii, aende kwa mchungaji aungame faragha na kutamkiwa ondoleo la dhambi. Wengi wanadhani hilo ni la Wakatoliki peke yao, kumbe maungamo ya faragha yamo ndani ya Katekisimu Ndogo yenyewe. Baada ya hapo utakatifu wake unaonekana dukani: jirani apate kilo yenye gramu 1,000. Kosa likiwa limeshajulikana na kumwaibisha Kristo hadharani, usharika una utaratibu wake wa kumrudisha mtu kundini. Nguvu ya njia hii ni uhakika, kwa maana mtu halali usiku akihesabu kama ametubu vya kutosha. Udhaifu wake ni kwamba hakuna anayemfuata wiki ijayo kuuliza habari za mizani.

Mkatoliki ana hatua tano, na kila moja ina kazi yake: kuchunguza dhamiri, kujuta, kukusudia kutotenda tena, kumwungamia padre, kutimiza malipizi. Kwanza anapima uzito wa kosa kwa mambo matatu. Je, jambo lenyewe ni zito? Alijua barabara kwamba ni baya? Alikubali kwa hiari? Yote matatu yakitimia, ni dhambi ya mauti, na hakaribii komunyo kabla ya kuungama. Atataja aina ya kosa na, kadiri anavyokumbuka, mara ngapi. Halafu linakuja jambo ambalo wengi hulikwepa: malipizi ya sala hayafuti deni. Wizi unadai kurudisha. Wateja wa rejareja hawajulikani, kwa hiyo thamani ya sukari ile inaelekezwa kwa maskini. Akikadiria alipitisha mifuko 20, deni lake ni kama kilo 52 za sukari au fedha yake, na hilo halimalizwi kwa "Salamu Maria" 10.

Mmethodisti wa kale angekuwa na jambo gumu zaidi kuliko yote: kikundi. Mwaka 1738 Wesley aliweka kanuni za vikundi vidogo vinavyokutana kila juma, na kila mmoja aliulizwa maswali ya wazi. Umetenda dhambi gani inayojulikana tangu tulipokutana? Umekutana na majaribu gani? Umeokokaje katika hayo? Kuna ulilofikiri, kusema au kutenda ambalo huna hakika kama ni dhambi? Mwenye duka akishalisema la mizani, wiki ijayo ataulizwa tena, na ile inayofuata pia. Kikundi cha namna hiyo kikipatikana leo, kiwe cha jinsia moja, watu wachache, muda unaojulikana, na ahadi kwamba neno halitoki nje. Vikundi vingi hufa kwa sababu mbili: mtu mmoja anageuza zamu yake kuwa mahubiri, au siri moja inavuja hadi kwenye kundi la WhatsApp la akina mama.

Ndugu wa Uamsho angesimama mbele ya wenzake akaiweka mizani nuruni kwa kuitaja, kisha akaenda kurudisha. Hawa walijulikana vijijini kwa kurudisha mali walizoiba, wengine baada ya miaka. Zakayo alijifunga kurudisha mara nne (Luka 19:8). Sheria ya Musa iliongeza sehemu ya tano juu ya mali yenyewe (Hesabu 5:7). Kosa likiwagusa watu wengine, kwa mfano la zinaa, ushuhuda wa hadharani unaweza kumvunja mke au mtoto ambaye hakukosa lolote. La namna hiyo lisemwe kwa wachache, na kwa ruhusa ya waliojeruhiwa.

Mpentekoste atatubu kwa machozi, ataombewa, na huenda akaongozwa kwenye maombi ya kufunguliwa. Hatubezi maombi hayo. Mtu aliyefungwa kwenye mazoea ya miaka anahitaji kuamini kwamba Mungu ana nguvu ya kumtoa. Lakini roho ya wizi ikikemewa na mizani ikabaki ilivyo, hakuna kilichotakaswa. Mchungaji mwenye busara atamwambia Jumatatu ipelekwe ikakaguliwe na Wakala wa Vipimo, halafu arudi kuleta habari.

Msabato anapata kitu ambacho wengine hawana: kila Ijumaa baada tu ya saa kumi na mbili jioni, jua la Dar linapozama, wiki inafungwa. Hesabu, upishi, ufuaji, ugomvi na deni vimalizwe kabla, siku ya maandalio. Mwenye duka akiitumia Ijumaa alasiri kupatana na watu, Sabato inamshika mkono. Akiitumia kuharakisha mauzo kwa mizani ile ile, ameitunza siku akamwacha jirani.

Kwa kipimo hiki tunasema wazi: katika kurudisha, Wakatoliki na ndugu wa Uamsho wanatangulia. Katika kuituliza dhamiri, Walutheri. Katika kuzuia kosa lisirudie, kikundi cha Wesley hakina mpinzani, na ni huzuni kwamba makanisa mengi yenye jina lake yamekiacha.

Mavazi, vyakula, vinywaji

Hapa ndipo watu wanapogombana zaidi, na kwa maoni yetu ndipo penye uzito mdogo kuliko kelele zake. Baadhi ya makanisa ya Kipentekoste hukataza suruali kwa wanawake, hereni, nywele za bandia na rangi za kucha. Mengine hayagusi kabisa. Maandiko yanayosomwa ni 1 Timotheo 2:9 na 1 Petro 3:3, na yote mawili yanazungumzia adabu na gharama: dhahabu, lulu, nguo za thamani. Kanisa linalokataza hereni ya shilingi 2,000 huku likisifu gauni la laki tano halijaisoma aya hadi mwisho.

Pombe: Wakatoliki na Walutheri hukataza ulevi, Wamethodisti wa mkondo wa utakatifu, Wapentekoste na Wasabato hukataza hata glasi moja. Mtu ambaye baba yake aliharibiwa na gongo afuate katazo kamili, kanisa lake liseme lisiseme.

Kwa vyakula, Msabato anashika Walawi 11. Ukienda soko la samaki la Feri pamoja naye utaona inavyofanya kazi: changu ananunua, kwa kuwa ana mapezi na magamba, pweza, ngisi, kamba na kaa anawapita. Ukioa au kuolewa huko, jikoni ndiko mabadiliko yatakapoanza.

Muda, mwili na mfuko

Njia ya Kikatoliki ina kima cha chini kilichoandikwa: Misa ya Jumapili na sikukuu za amri, kuungama dhambi nzito walau mara moja kwa mwaka, komunyo kipindi cha Pasaka, kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kufunga huko maana yake ni mlo kamili mmoja na midogo miwili isiyofikia mlo mzima, kwa wenye miaka 18 hadi 59. Ongeza jumuiya ndogo ndogo kila juma. Mwenye zamu za kazi hospitalini au bandarini anaweza kuipanga njia hii mapema. Ya Kilutheri inataka sala fupi asubuhi na jioni pamoja na ibada, na ndiyo nyepesi kwa ratiba, kwa hiyo ndiyo rahisi kuiacha bila kujua umeiacha.

Ya Kipentekoste inadai muda mwingi zaidi: mkesha, maombi ya katikati ya wiki, mifungo ya siku tatu, saba, 21. Anayeishi Mbagala na kufanya kazi Masaki tayari ameliwa saa nyingi na foleni. Akikesha kila Ijumaa na kulala kazini Jumamosi, mwajiri wake atamshuhudia vibaya. Na kuhusu mfungo mkavu, bila chakula wala maji, tuseme kwa mkazo. Joto la Dar kati ya Desemba na Machi linakausha mwili upesi. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo na aliye kwenye dawa za TB au ARV asifunge mfungo mkavu, wala asiache dozi hata moja kwa sababu ya mfungo. Anaweza kujinyima simu, televisheni au kitoweo. Wenye afya wafungue taratibu: maji kwanza, uji mwepesi, kisha chakula.

Fedha: Wapentekoste na Wasabato hufundisha zaka, sehemu ya kumi, kwa uwazi, Wakatoliki na Walutheri wana sadaka, ahadi na michango. Popote utakapoambiwa utakaso wako umekwama mpaka utoe kiasi fulani, au ununue mafuta, chumvi au maji ya chupa, ondoka. Petro alimjibu Simoni kwa ukali kuhusu karama ya Mungu na fedha (Matendo 8:20), na jibu hilo halijabadilika.

Kila njia inavyoharibika

Ya Kilutheri huharibika mtu anapotumia neema kama ruhusa. Utamjua kwa kusema "sote ni wenye dhambi" kila anapokumbushwa deni. Ya Kikatoliki huharibika kwa pande mbili: kuungama kwa mazoea, orodha ile ile kila mara bila kusudi la kuacha, au kinyume chake, dhamiri yenye wasiwasi inayoona dhambi ya mauti kila kona. Dawa ya huyu wa pili inajulikana na ni ya kale: achague padre mmoja wa kumwungamisha, amtii, asizunguke parokia tatu kutafuta jibu jingine.

Ya Wesley huharibika mtu anapodai amefika. London yenyewe ililiona hilo. George Bell, mmoja wa watu wa Wesley waliojitangaza kuwa wakamilifu, alifika mahali pa kutabiri mwisho wa dunia tarehe 28 Februari 1763. Wesley akampinga, na siku ikapita. Anayesema hana dhambi asomewe 1 Yohana 1:8. Anayesema haiwezekani kuacha asomewe 3:9 ya waraka huo huo. Yohana aliziandika zote mbili kwa watu wale wale, na fundisho linaloiruka mojawapo ni pungufu.

Ya Kipentekoste huharibika pale kila anguko linapopewa jina la pepo, maana mtu hajifunzi tena kusema "hapana" kwa mapenzi yake mwenyewe. Ya Kisabato huharibika pale orodha inapokuwa ndefu kuliko upendo, na mtu akajua kilichomo ndani ya biskuti kuliko anavyojua njaa ya jirani.

Uchague ipi

Usianzie kwenye kanisa, anzia kwenye ugonjwa wako. Kama unajihukumu usiku na mchana, unatubu jambo lile lile mara kumi, na umeitikia mwito wa kuokoka madhabahuni kila mhubiri mgeni anapokuja, unahitaji Walutheri: msamaha unaotamkwa na mtu mwingine, nje ya hisia zako. Mikesha itakuchosha bila kukuponya. Kama wewe ni mtu wa "Mungu anaelewa", na kosa lako limezoeleka hadi halikuumi, kaa chini ya kitubio cha Kikatoliki chenye kurudisha, au tafuta ndugu wa Uamsho. Aliye katika minyororo ya pombe, kamari za kubeti au picha chafu asitegemee tukio moja la maombezi. Atafute popote penye kikundi cha kuulizwa kila juma, na kikundi hicho kiwe cha watu wanaomjua kwa jina na wanajua simu yake inakaa wapi usiku. Makanisa ya Kipentekoste yenye seli za nyumbani, yaani vikundi vidogo vinavyokutana majumbani, hufanya hili vizuri kuliko mengi ya zamani. Ambaye wiki yake haina mwanzo wala mwisho, anayefungua duka siku saba na watoto wanamwona amelala, atapata kwa Wasabato nidhamu ambayo Wakristo wengine wameipoteza.

Si lazima kuhama ili kuipata dawa. Mlutheri anaweza kuomba maungamo ya faragha kwa mchungaji wake kesho. Mkatoliki anaweza kuanzisha maswali manne ya Wesley ndani ya jumuiya yake, na paroko akiambiwa mapema hatakataa kirahisi. Anglikana wa Dar ana bahati zaidi: kanisa lake katika pwani hii lina urithi wa wamisionari wa UMCA (misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati) waliothamini sana sakramenti, na kutoka bara limepokea Uamsho.

Kama ni lazima kuhama, kuna jambo moja la kuuliza kabla ya kubeba vitu. Kanisa Katoliki na KKKT hawarudii ubatizo wa maji uliofanywa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kwa kawaida utapewa mafundisho na kupokelewa. Wapentekoste hawakubali ubatizo wa utotoni, kwa hiyo watataka ubatizwe kwa maji mengi baada ya darasa. Wasabato nao hubatiza kwa kuzamisha. Kwa aliyebatizwa mtoto hilo ni tamko juu ya imani ya wazazi wake. Alizungumze nyumbani kwanza, na mchungaji au padre anayemwacha aambiwe uso kwa uso, na barua ya utambulisho iombwe.

Kwa mchungaji mpya uende na maswali manne. Mtu wenu akianguka, anafanya nini kesho yake, na nani anamfuatilia? Mnafundisha kurudisha? Kiongozi akianguka, anapita utaratibu ule ule wa muumini wa kawaida? Mgonjwa akiwa kwenye dawa, mnamwambia nini kuhusu mfungo? Akijibu mawili ya kwanza kwa mifano na mawili ya mwisho bila kusitasita, baki hapo walau mwaka mzima kabla ya kuamua, upite Kwaresima yao au mifungo yao, misiba yao na mikutano yao ya fedha.